Fungu la Kumi la Boti Iliyozama

Kalemie, tarehe 14 Mei 2023

Abigaël, mutoto wa dada yangu,

Barua hii inatoka kwa muntu mwenye bahati kuliko wote kutoka Uvira mpaka Mpulungu. Isome ukiwa umekaa. Kama kuna mugeni nyumbani, musomee kwa sauti, usione haya.

Kwanza salamu. Mama yako Lydie iko salama. Magoti yanamuuma, lakini mulomo hauna ugonjwa wowote. Juzi aligombana na muuza mikate mpaka muuza mikate akamuongezea moja ili anyamaze. Umeme unaotoka Bendera unakuja na kwenda kama mukwe mwenye aibu. Ndagala ziko kidogo, samaki wa mikebuka ni kidogo zaidi. Wanakusalimia wote.

Utauliza: Mujomba, kwa nini hukutuma ujumbe kwa telefoni? Telefoni yangu inalala chini ya ziwa, na habari inaanzia hapo.

Mwezi wa tatu nilitoka Moba na boti yangu, ile niliyoiandika ubavuni MUTANIONEA WIVU. Nilibeba maharagwe na ng'ombe tatu kutoka Pepa. Upepo ukageuka, mawimbi yakatuzungusha, boti ikavunjikia kwenye mawe karibu na ufuko. Mimi nilishika mukia wa ng'ombe. Usicheke. Ng'ombe anajua kuogelea kuliko wanafunzi wengi wa Kinshasa. Alinivuta mpaka nchi kavu, na sisi wote tukatoka salama, mimi na mabaharia wawili. Kesho yake wavuvi walipiga mbizi wakanitolea motere, ile mashine ya kusukuma boti. Boti yenyewe ilibaki kuni.

Sasa sikia bahati. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimekata bima kwa kampuni mupya, Ngao ya Ziwa. Wenzangu bandarini walinicheka: "Papa Doudou, unalipa watu ili uzame?" Nikawajibu: "Ninyi mumezoea kisima cha nyuma ya nyumba. Mimi nimefika Kigoma, nimefika Bujumbura. Kule muntu anakata bima hata ya mbwa."

Siku ya kumi na moja baada ya kuzama, direkta wao, Papa Jérémie, akaniita. Picha, kofia, soda. Nikapewa cheki ya karatasi ngumu, kubwa kama mulango wa choo, na jina langu juu yake. Walikosea herufi moja, nikawasamehe. Jumapili nikatoa ushuhuda kanisani na kuweka fungu la kumi mezani mbele ya wote. Mchungaji Salomon alihesabu, akahesabu tena.

Wale waliokuwa wananicheka wakafunga midomo. Muntu anaweza kudanganya bibi yake, anaweza kudanganya watu wa duane wanaotoza ushuru, lakini nani atatoa sehemu ya Mungu ya pesa ambayo hakuipata? Wiki ile watu kumi na saba walikata bima. Hata rafiki yangu Félicien alikata, yeye ambaye akinunua kiatu anakinusa siku tatu. Picha yangu sasa iko bandarini, kubwa kuliko ya wakubwa wa nchi.

Niliishia darasa la tano la primaire, lakini unaona nilipofika.

Mujomba wako,
Doudou


Kinshasa, tarehe 2 Julai 2023

Mujomba wangu Papa Doudou,

Nimepokea barua yako kwa mukono wa yule mama wa vitenge aliyepanda ndege. Nashukuru Mungu kwa ng'ombe. Muambie Mama asibebe ndoo, nitamutumia dawa ya magoti. Mimi niko salama. Huku maji yanaingia nyumbani mvua ikinyesha, na isiponyesha hayaingii hata kwa robine ya bomba.

Mama alikuambia kwamba nimepata kazi. Labda hakukuambia ni wapi. Niko kwenye biro, ofisi ya Serikali inayosimamia kampuni za bima. Zamani ilikuwa kampuni moja tu, ya Serikali. Sheria ya 2015 ilifungua mulango kwa wengine, na walipoanza kuingia ikahitajika biro ya kuwachunguza. Mukubwa wangu hupenda kusema hivi: samaki unamuona kabla ya kulipa, lakini bima unanunua neno, kwa hiyo lazima awepo muntu wa kumukumbusha mwenye neno. Kazi yangu mimi ni ndogo. Ninapanga mafaili.

Mujomba, nakuuliza kwa udadisi tu. Ile cheki kubwa ulipoipeleka, ni benki gani iliyokulipa? Na ilikuwa tarehe gani? Unajibu tu ukipata nafasi.

Kuna jambo lingine, nitaliandika siku nyingine.

Usivuke ziwa bila koti la kuelea. Ng'ombe hawawezi kila mara.

Mupwa wako,
Abigaël


Kalemie, tarehe 19 Agosti 2023

Abigaël mutoto wangu,

Salamu nyingi. Dawa imefika, mama yako anaipaka na kuisifu kwa majirani mpaka nusu imekwisha kwa majirani. Paa la jikoni limerekebishwa. Mbuzi wa Mchungaji Salomon alikula hati za ndoa za watu wawili, na sasa wanasema hawajui kama bado wameoana. Nimenenepa kidogo. Watu wananiita Papa Bima, nami naitika.

Umeniuliza benki. Mutoto wangu, tangu lini musichana anamuuliza mujomba wake benki? Pesa ikishaingia haina tarehe. Pesa ni kama mugeni mwenye njaa, hukumbuki alifika saa ngapi, unakumbuka tu alivyomaliza chakula. Tuache hiyo.

Boti mupya bado sijajenga, kwa sababu ya mbao. Mbao nzuri ni shida siku hizi. Nimeona nipumzike kwanza, muntu aliyeponea chupuchupu hapaswi kukimbia. Motere nayo nimeiweka mahali. Ngao ya Ziwa wameniahidi nitakuwa wakala wao bandarini, na biro, na feni. Feni wameshanionyesha.

Nilitaka kukuandikia mengi ya kuchekesha lakini kichwa hakitoi. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na musiba. Félicien hayuko tena. Ziwa. Sitaki kuandika zaidi. Bibi yake Philomène iko, Précieuse mutoto wao iko. Nilibeba jeneza upande wa mbele, kulia.

Mama yako anakusalimia. Usiulize sana mambo ya biro, unaharibu macho.

Mujomba wako,
Doudou


Kinshasa, tarehe 30 Septemba 2023

Mujomba,

Pole kwa musiba. Nilimujua Papa Félicien. Nikiwa mudogo alinifundisha kufunga fundo la kamba, akanifanya nilirudie mara ishirini, kwa sababu yeye hakuamini fundo la kwanza. Muambie Mama Philomène ninamulilia. Muambie Mama kwamba kikohozi changu kimepona.

Sasa lile jambo nililolinyamazia.

Mama Philomène ametuandikia. Karatasi mbili, kalamu nyekundu, nafikiri kalamu ya Précieuse ya shule. Anasema mume wake alikuwa na bima ya boti na ya uhai wake, na Ngao ya Ziwa wamekataa kulipa. Wanasema Papa Félicien alitoka siku ya upepo, kwa hiyo alijitakia. Barua yake ilipita mezani pangu. Na wewe pia ulipita mezani pangu, Mujomba. Reçu yako, karatasi ya kwamba umepokea pesa, ilifika wiki mbili kabla ya barua yako ya kwanza. Nilitambua sahihi yako, ile inayokula nusu ya ukurasa na kumalizikia kwa nyota. Nilikuuliza benki kwa sababu kwenye reçu nafasi ya benki iko tupu.

Nisikilize vizuri. Kila kampuni, kabla ya kupata kibali, huweka pesa ya dhamana. Ikionekana haiwezi kulipa watu, wakubwa wangu wanaweza kuisimamisha na kuwalipa watu kutoka kwa dhamana ile. Mama Philomène angepata. Wengine wa Moba na wa kwenu waliotuandikia wangepata. Lakini Ngao ya Ziwa wanajibu: sisi tunalipa, muangalie Papa Doudou. Nimesoma faili lote. Muntu aliyelipwa ni mumoja tu, na huyo njo wewe. Wametuma reçu, wametuma picha ya cheki, wametuma hata karatasi ya Mchungaji Salomon inayosema aliona fungu la kumi kwa macho yake. Mukubwa wangu, muntu wa kuchekacheka, hakucheka. Alisema: "Hii ya fungu la kumi ni nzito kuliko reçu."

Ninakuuliza sasa si kama mupwa. Ulilipwa au hukulipwa? Jibu kwa mukono wako, na sahihi yenye nyota. Faili linafungwa mwezi wa kumi na mbili.

Abigaël


Kalemie, tarehe 5 Novemba 2023

Abigaël,

Salamu. Wote wazima.

Mimi nilikubeba mabegani mwaka ule muliokimbia muji wa Baraka. Leo unaniita mbele ya meza yako kama mwizi wa kuku. Serikali ikae Kinshasa, iweke meza Kinshasa, iweke mutoto wa dada yangu mezani, halafu inipeleleze mimi mwenye kuzama. Siku niliyozama hakuna meza iliyokuja. Siku aliyozama Félicien hakuna meza iliyokuja.

Umeandika jina la mujane mara tatu. Mimi ninapita mbele ya nyumba yake kila siku. Mwaka jana nilikuwa ninapita na kuingia.

Unataka jibu, chukua. Nililipwa. Nilisimama mbele ya kanisa, nikaweka fungu la kumi, watu mia mbili waliona. Andika hivyo.

Doudou
(nyota unaiona)


Kinshasa, tarehe 20 Januari 2024

Mujomba,

Heri ya mwaka mupya kwako na kwa Mama. Nimesikia paka wa Mama alikufa, mupe pole.

Nilipeleka barua yako kwa wakubwa, kama ulivyotaka. Nikawaambia pia kwamba wewe ni mujomba wangu, kwa hiyo nikaondolewa kwenye faili na kupelekwa chumba cha nyuma. Ninapiga muhuri bahasha. Si kitu, kuna feni, hata mimi nimeonyeshwa.

Ngao ya Ziwa imeongezewa kibali mwaka mumoja. Mama Philomène amejibiwa kwamba shida yake ni mabishano ya muntu mumoja na kampuni inayolipa wengine, apeleke mashitaka tribinali. Nilipiga muhuri bahasha hiyo mimi mwenyewe.

Faili linaweza kufunguliwa tena ikiwa yule aliyetajwa kama amelipwa atakana kwa maandishi, kabla ya mwisho wa mwezi wa ine, Aprili. Hivyo njo sheria inavyosema. Atakayekana anaweza kuulizwa kwa nini alitia sahihi. Hiyo nayo ni sheria, sitaki uigundue baadaye useme sikukuambia.

Sitakuuliza tena.

Abigaël


Kalemie, tarehe 10 Machi 2024

Abigaël, mutoto wa dada yangu Lydie,

Salamu. Mama yako alipata paka mwingine, mwenye jicho moja, anasema linatosha. Précieuse bado hajarudi shuleni, minerval, pesa ya shule, ya mwaka mzima haijalipwa. Mvua ni nyingi, muto Lukuga umejaa.

Hii ni mara ya tatu ninaandika barua hii. Mbili za kwanza niliwashia jiko.

Kwanza nikueleze ile siku ya cheki. Papa Jérémie aliniambia: "Papa Doudou, tia sahihi hapa kwamba umepokea. Kinshasa wanataka kuona tumelipa ndipo waturuhusu kuendelea. Wakituruhusu, pesa inatoka, wewe wa kwanza." Nilisoma karatasi. La tano primaire inatosha kusoma neno nimepokea. Lakini kulikuwa na mupiga picha, kulikuwa na soda, na nje walikuwa wamesimama watu wote walionicheka. Nikafikiri, pesa itakuja kesho, sifa nichukue leo. Nikatia sahihi. Cheki yenyewe walibaki nayo, walisema karatasi ngumu ni ghali.

Ningeishia hapo. Lakini Mchungaji Salomon alikuwa nje, akaona picha, akaniuliza mbele ya bandari yote: "Ndugu Doudou, na fungu la Mungu?" Ningesema nini? Nikauza motere. Kitu kimoja ambacho ziwa lilinirudishia, nikakiuza kwa muntu wa Kigoma kwa bei ya kutupa, nikaweka pesa kwenye bahasha, nikaiita fungu la kumi. Kila nilipojenga boti kwa mulomo, motere ilikuwa upande wa pili wa ziwa inasukuma boti ya mwenzangu.

Sasa Félicien. Wewe ulimujua. Upepo ukigeuka kidogo, yeye alifunga boti, wenzake wakimuita mwanamuke. Asubuhi ile nilikuwa bandarini. Upepo ulikuwa umegeuka, nami niliona. Alikuwa anafungua kamba. Nikamuambia kwa mchezo, "Leo hunusi kwanza?" Akacheka, akanionyesha picha yangu ukutani. "Doudou amelipwa na hata boti haikuwa nzuri," akasema, "mimi nitaogopa nini?" Ningeweza kusema neno moja. Nilipunga mukono.

Nimelificha hilo miezi saba. Na bado nilikwenda kubeba jeneza, upande wa mbele, kulia. Nilikuandikia upande gani kana kwamba kuna muntu aliuliza.

Jumapili iliyopita nilifika kanisani nimechelewa. Mulangoni nikamukuta Mama Philomène amevaa kitenge cha musiba, bahasha mukononi. Nikamusalimia. Akaniambia, "Papa Doudou, umefika vizuri, nilitaka usimame na mimi mbele."

"Kuna nini, mama?"

"Ninatoa fungu la kumi la pesa ya Félicien."

Nikafurahi, mutoto wangu. Sekunde moja nilifurahi kweli. "Wamelipa?"

"Bado. Lakini nimefikiri sana. Wewe ulikata bima na Félicien alikata bima, kampuni ileile, direkta yuleyule. Wewe ulilipwa, mimi nimekataliwa. Kitu gani ulifanya ambacho sisi hatukufanya? Ni fungu tu. Sasa mimi ninatoa kwanza, Mungu ataona."

"Umetoa wapi pesa?"

"Nimeuza nyavu."

Nyavu za Félicien, Abigaël. Alizishona mwenyewe, jicho kwa jicho. Kaka yake Philomène alikuwa azitumie mwezi huu, wagawane samaki, ili Précieuse arudi shuleni.

Nilimushika mukono nikamutoa nje, chini ya paa la duka la sabuni. Nikamuambia. Nilimuambia yote, hata motere, hata kupunga mukono. Ndani walikuwa wanaimba, kwa hiyo ilibidi niseme kwa sauti, na muuza sabuni akasikia, na ukimuambia muuza sabuni umeuambia muji.

Nilingoja anipige. Nilivua hata kofia ili asisumbuke. Hakunipiga. Aliangalia bahasha, akaniuliza, "Kwa hiyo Mungu wewe ulimupa nini?"

Nikasema, "Motere."

Akasema, "Basi na yeye umemudanganya." Akaenda nyumbani. Hakuingia kanisani, na bahasha alirudi nayo.

Kesho yake nilikwenda kwa aliyenunua nyavu, nikamupa baiskeli yangu, saa yangu ya Bujumbura na redio, akanirudishia nusu ya nyavu. Nusu ni kitu. Niliziacha mulangoni kwa Philomène nikaondoka kabla hajatoka. Mchungaji Salomon hanisalimii. Ile picha ya bandarini, muntu amenitoboa macho. Papa Jérémie amesema biro yangu na feni yake vimekwisha, na nikiandika Kinshasa nitafungwa mimi kwanza, kwa kuwa sahihi ni yangu. Huyo mara hii hakudanganya, hata wewe uliniambia. Mama yako amenifungia begi dogo, shati mbili na biskuti. Hakusema kitu. Unajua ugonjwa huo kwake ni mupya.

Barua yako ya bahasha niliisoma mara nyingi. Hukunitukana. Ulipiga muhuri bahasha ya Philomène wewe mwenyewe, na kidole cha muhuri kilikuwa changu. Ukitaka kurudi kwenye faili hawatakurudisha kwa sababu yangu, najua. Kwa hilo sina baiskeli ya kukulipa.

Barua zangu zote za nyuma nilikuandikia wewe. Hii iweke kwenye faili, yote, na paka, na muuza sabuni, wasome wakubwa wako wajue ni muntu gani aliwatosha kuwa ushahidi. Waiweke juu ya ile karatasi ya Mchungaji. Anayebeba barua hii anafika kwenu kabla ya Pasaka, mwezi wa ine haujaanza.

Mimi Doudou wa Baraka, mukaaji wa Kalemie, niliyekuwa mwenye boti MUTANIONEA WIVU, ninasema kwa mukono wangu na akili yangu. Benki hakuna. Tarehe hakuna. Niliandika kwamba mimi ni muntu mwenye bahati. Nilidanganya. Sikulipwa hata franka moja.

Doudou

Nyota sikuweka.